Mlango wa Kidole Kimoja

"Saini tu, mwanangu, yaishe."

Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Angeyasema Meneja ningenyamaza, kama nilivyokuwa nimenyamaza wiki nzima. Aliyeyasema ni Mzee Kasanda, amekaa upande wa pili wa meza ya chai, kikombe mkononi, sahani ya michembe ya viazi vitamu na karanga mbele yake, anatafuna taratibu kama mtu aliye kwake. Barua ilikuwa imegeuziwa upande wangu na kalamu imewekwa juu yake. Ilisema kwamba mimi, Skolastika Kabula, opereta wa zamu ya mchana, nilizima kengele ya tangi la juu siku ya Jumanne, na kwa uzembe wangu huo mitaa ya upande wa Kitete ikakaa siku mbili bila maji. Aliyeizima ile kengele ni Mzee Kasanda. Mimi nilijua, yeye alijua, na Meneja Shija, aliyesimama dirishani akijifanya anatazama mvua, alijua vilevile. Nilikuwa nimeitwa siku yangu ya mapumziko, binti yangu Limi yuko mgongoni, miezi saba, amelala. Nikainuka. Nikakitoa kile kikombe mkononi mwa mzee aliyepita miaka sitini, nikakiweka mezani. "Chai utamalizia baadaye," nikamwambia. "Kwanza mweleze Meneja nani aliingia na mimi siku ile." Sijui kama Tabora nzima kuna mtu aliyewahi kumpokonya Mzee Kasanda kikombe. Alinitazama kidogo, kisha akamgeukia Shija na kusema kwa upole kabisa, "Huyu mtoto amechoka. Mwache akapumzike." Nikatoka, kalamu sikuigusa.

Imepita miaka minne. Mwezi uliopita nilikutana naye kwenye arusi ya Wamoraviani. Amekonda, anatembelea fimbo, na alipokuja upande wangu magoti yangu yaliinama yenyewe kabla sijayaruhusu. "Shikamoo babu." "Marahaba, Mama Limi. Mtoto anasoma?" Basi, kama vile hakuna kilichotokea baina yetu. Nilirudi nyumbani nimejikasirikia, na hasira hiyo ndiyo inayoniandikisha haya. Habari za baba yangu na mama yangu na nilikozaliwa sitaziweka hapa, hazihusiki. Kinachohusika ni mwaka ule mmoja, mwaka waliotuletea mlango.

Jina la ofisi silitaji. Ilikuwa skimu ya maji, na mimi niliingia pale nina cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri, basi. Kazi yangu ilikuwa kuandika daftari la zamu katika chumba cha kuongozea mitambo, ambacho sisi tulikiita Kontroo. Chumba chenyewe cha zamani kilikuwa na ubao mkubwa ukutani uliochorwa bomba zima kwa rangi ya buluu, na kwenye kila pampu taa ndogo, kijani ikienda, nyekundu ikisimama. Mlango wake ulifungwa kwa komeo la mbao. Tulikuwa na redio moja, na kila baada ya saa vituo vilituita. Wa upande wa Igalula lazima akohoe kwanza ndipo aseme. Yule mwingine husalimia watu wote chumbani mmoja mmoja hadi unamsahau alichoitia. Kwa hiyo hata mtu angeiba redio asingetudanganya, maana tulijuana kwa vikohozi. Mzee Kasanda ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba. Alinifundisha kusikiliza pampu inayovuta hewa, na alinifundisha kwamba kisichoandikwa kwenye daftari hakikutokea. Alikuwa analijua bomba lile kwa miguu. Alituambia sehemu yake kubwa limefuata visima walikopigia kambi watu wa misafara, Wanyamwezi na mizigo yao wakienda pwani, kwa sababu, alisema, maji hayana njia mpya. Alipostaafu tulilia. Nami nililia, na sikulia kwa ajili ya adabu tu.

Miezi michache baadaye akaja mkandarasi kutoka Dar kukifanya chumba kiwe cha kisasa. Walituambia maji ya mji ni kitu nyeti, mtu mbaya akiingia mle ndani kwa dakika kumi anaweza kuudhuru mji mzima, na komeo la mbao ni aibu. Sikubishana na hilo na hata leo sibishani. Waliubomoa ubao wetu, wakaleta skrini sita, kiyoyozi kilichotufanya tuvae masweta mwezi wa kumi, na ule mlango. Ulikuwa wa chuma, mzito, na pembeni yake kidude cha kusoma alama za vidole. Fundi wao mkuu aliitwa Pazi, Mzaramo, na tangu siku ya kwanza utani ukaanza.

"Nyie wapagazi," alisema akitupanga foleni kutuchukua vidole, "mnajua kubeba tu. Leo mtajifunza kufungua."

"Na nyie mlikuwa mnatungoja pwani mtukodishe mkeka," nikamjibu. "Umeleta mkeka au umeleta mlango?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alipofika kwenye sheria hakucheka. "Sikilizeni. Mtu mmoja, kidole kimoja. Ukiingia, mlango ufunge nyuma yako. Anayefuata aweke chake. Hata awe mama yako mzazi, mfungie."

"Mama mzazi?" Zuhura akauliza. Zuhura alikuwa opereta mwenzangu, Mmanyema wa mjini, mdomo wake hauna breki. "Wewe kwenu unamfungia mama yako mlango usoni, halafu unakula wapi?"

Siku hiyohiyo Mzee Kasanda alikuja. Mkandarasi alikuwa amemwajiri kama mshauri, kwa kuwa michoro ya zamani ilikuwa na makosa na yeye peke yake ndiye aliyejua bomba linapita wapi. Akaitwa aweke kidole. Akaweka, taa nyekundu. Akakifuta kwenye suruali, akaweka tena, nyekundu. Cha tatu, nyekundu. Miaka arobaini ya chuma na grisi ilikuwa imemfuta alama zote, vidole laini kama kijiko. Na sisi wote tumesimama tunamtazama, mtu aliyetufundisha kazi, anakataliwa na kidude mlangoni pa chumba chake mwenyewe. Hakukasirika. Alisema tu, "Mashine hii haikufunzwa kusalimia," na watu wakacheka kwa kuona aibu. Pazi akaahidi kumletea kadi. Kadi haikuja. Aliyemaliza jambo ni Meneja Shija, aliyemshika mzee mkono na kusema mbele yetu sote, "Mzee, wewe ni mwenyeji. Tutakufungulia."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na sidhani lingezaliwa mahali ambapo watu hawasalimiani kama sisi. Fikiria: umeweka kidole, mlango umefunguka, nyuma yako unasikia "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi. Ni mzee. Unageuka. Kwetu mwanamke hamsalimu mzee akiwa amesimama wima kama mlingoti, unainama, magoti yanakunjwa, unaitika, unaulizwa habari za mtoto, za mumeo, za mvua, unajibu zote. Muda wote huo mgongo wako ndio umeushikilia mlango. Kidude kinaanza kulia pii, pii, pii, nawe unaona aibu kwamba kinampigia mzee kelele, kwa hiyo unamwambia haraka, "Karibu babu, pita." Anapita. Tulifanya hivyo wote. Kwenye kumbukumbu ya mlango ameingia mtu mmoja. Ndani mko wawili.

Mwaka ule ulitubadilisha, na si kwa uzuri. Kila Jumatatu Shija alibandika ukutani orodha ya mlango: nani aliingia, nani alitoka, saa ngapi. Alisema ni kwa ajili ya usalama. Mimi nilikuwa nanyonyesha; dada wa kazi alimleta Limi getini mara mbili kwa siku nami nikatoka kumnyonyesha kwenye benchi la mlinzi. Jumatatu ya pili Shija akasimama mbele ya orodha na kusema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama Limi, kidole chako kinapenda nje." Walicheka. Nami nikacheka, mjinga mimi. Kuanzia hapo kila mtu akaanza kusoma orodha ya mwenzake. Zamani tulikula ugali na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyoungwa karanga, kwenye sinia moja, tunagombea karanga chini ya mboga. Sasa kila mtu akaja na kontena lake na kukaa anatazama ukuta. Ukimwuliza mtu habari za nyumbani anakutazama kwanza, anawaza unataka kuzipeleka wapi. Juu ya mlango kulikuwa na kamera, na Shija alipenda kuinyooshea kidole: "Ile haisinzii." Nilifika mahali nikawa najifuta jasho kwa siri, nikidhani hata jasho litaandikwa. Zuhura mwenyewe nilimshuku. Niliwahi kumkuta anakunja orodha ya wiki iliyopita anaitia kwenye mkoba, nikajiuliza anampelekea nani. Sikumwuliza. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi.

Sasa Jumanne yenyewe. Kesho yake wageni walikuwa wanakuja kuona tukikabidhiwa chumba kipya, na ofisi nzima ilinuka rangi na dawa ya sakafu. Kipimo cha tangi la juu kilikuwa kibovu tangu Jumapili; tangi limejaa, chenyewe kinasema limepungua, na kengele inalia kila baada ya dakika chache. Saa kumi alasiri nilitoka kunyonyesha. Niliporudi nikaweka kidole, na nyuma yangu, "Mwadila, mama," salamu ya alasiri. Nikainama. Tukaingia pamoja, mimi na Mzee Kasanda. Kengele ilikuwa inalia.

"Inakusumbua hii?"

"Tangu juzi, babu. Pazi amesema atabadilisha kipimo wiki ijayo."

"Na kesho itawapigia wageni kelele hivihivi?" Akavuta kiti changu, akakaa mbele ya skrini yangu, ambayo nilikuwa nimeiacha wazi kwa jina langu, na hilo ni kosa langu la kwanza. Akaisoma polepole, akabonyeza mahali pawili. Kukawa kimya. "Nimeinyamazisha mpaka waondoke. Usiandike. Nitamwambia Shija mwenyewe."

Sikuandika. Hilo la pili, na ndilo linaloniuma zaidi, maana aliyenifundisha kwamba kisichoandikwa hakikutokea ndiye aliyeniambia nisiandike, na mimi nikaona ni sawa kwa sababu ni yeye. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakasifu kimya cha chumba, wakaondoka, na hakuna aliyeirudisha kengele. Alhamisi bomba likapasuka kweli chini ya tangi la juu, tangi likaisha taratibu, na kengele, ambayo hata kwa ubovu wake ingetulazimisha kwenda kutazama, haikulia. Tulijua watu walipokuja getini na ndoo zao tupu. Nilimwona mama mmoja niliyejifungua naye wodi moja, amebeba dumu, hakunisalimia.

Nilimngoja Mzee Kasanda aseme. Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu, nilingoja. Nilijiambia mzee hakurupuki, anatafuta wakati wake. Jumatatu hiyo nilikuwa naosha kontena kwenye karo nyuma ya chumba cha chai, na dirisha la pale halifungi. Walikuwa ndani wawili.

"Jina lako halipo popote, mzee," Shija alisema. "Mlango haukujui. Likianza kuandikwa leo, wataniuliza nilikuruhusu kwa karatasi gani."

"Yule binti alinifungulia kwa heshima."

"Najua. Lakini kengele imezimwa kwa jina lake. Ni kijana, atapata kazi kwingine."

"Ana mtoto mchanga."

"Ndiyo maana atasaini. Mwenye mtoto mchanga hagombani."

Nikangoja mzee amjibu. Nilishikilia lile kontena, maji yananitiririka mpaka kwenye viwiko. Nikasikia anavuta funda la chai. Kisha akasema, "Haya."

Haya! Neno moja. Nimewahi kutukanwa na watu wengi na nimesahau karibu wote. Hiyo "haya" naisikia mpaka leo. Na uongo wa Shija ulikuwa humo humo kwenye maneno yake matamu: angepata wapi kazi kwingine mtu mwenye barua ya kukiri kwamba alizima kengele ya maji ya mji? Ni nani angeniweka tena kwenye chumba chochote chenye mlango? Ningesaini, ningekuwa nimejifungia mwenyewe maisha yangu yote, na jina langu lingekuwa ndilo jibu la kila mtu akiuliza Kitete ilikaukaje. Siku mbili baadaye wakaniita kwenye meza ya chai, na yaliyotokea hapo nimeshayaeleza.

Nilipotoka na Limi mgongoni nilienda moja kwa moja kwa Zuhura, nyumbani kwao, nimevimba kwa hasira. Nilimwambia, "Zile orodha ulizokuwa unabeba ulimpelekea nani? Sema sasa."

Akanishangaa. "Orodha zipi? Zile za mlango? Nampelekea mama."

"Mama yako anazifanyia nini?"

"Anafungia maandazi! Wewe Skola, ulidhani mimi ni jasusi? Jasusi wa maandazi?" Akacheka, halafu alipoona sicheki akaniketisha. Mama yake akatoa kapu. Zilikuwamo za miezi, mpaka ile iliyobandikwa juzi, nyingine zina mafuta ya kupikia, nyingine zimekatwa nusu. Nikampigia Pazi simu pale pale.

"Mpagazi!" akasema. "Safari hii umebeba mzigo wa nani?"

Nikamwambia wa nani, nikamwuliza kama kamera ilimnasa mzee akiingia. Utani ukamwisha. "Ile kamera haijaunganishwa," akasema. "Nilimwambia Shija siku ya kwanza. Lakini tazama safu ya mwisho kwenye orodha. Mlango ukishikiliwa kupita sekunde kumi unajiandika wenyewe. Tafuta neno WAZI."

Tukazitandaza mkekani, mimi na Zuhura na mama yake, tukifuta makombo. WAZI ilikuwepo, Jumanne ile, saa kumi na dakika kumi na mbili, mbele ya jina langu. Ilikuwepo siku nyingine mbele ya jina la Zuhura. Na tulipoendelea kutazama, mtu mwenye WAZI nyingi kuliko wote alikuwa Shija mwenyewe. Asubuhi nikamwomba mlinzi kitabu cha wageni cha getini. Yeye hajui skrini, anaandika kwa kalamu, na aliandika kila aliyepita. Kila palipokuwa na WAZI kwenye orodha, kwenye kitabu kulikuwa na Mzee Kasanda, dakika mbili tatu kabla.

Mume wangu alikuwa kikazi Bukene. Nilimsomea kwenye simu rasimu ya barua ya malalamiko kwa bodi. Alisikiliza yote, akasema, "Mtaje Shija. Mzee mwache. Watu watasema umemvunjia heshima." Nililala nalo hilo, maana lina uzito. Wapo wanaoninung'unikia mpaka leo sokoni. Lakini nilijiuliza: nikimwacha mzee, nani aliyezima kengele? Hakuna. Na kama hakuna, basi ni mimi. Kupika niliahirisha, Limi nikamkalisha na kijiko cha kuchezea, nikaandika kwa mwandiko ulionipatia kazi. Karani wa masjala aliisoma barua mara mbili akiwa amesimama. "Una hakika na jina la huyu mzee?" aliuliza. "Naweza kukupa karatasi nyingine." Nikamwambia agonge muhuri. Akagonga nakala zote mbili, na yangu ninayo. Inasema hivi:

*Mwenyekiti wa Bodi. Nakala: Ofisa Kazi wa Mkoa.*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MENEJA KWA KUNILAZIMISHA KUSAINI KOSA LISILO LANGU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni opereta wa zamu. Nimepewa barua ya kukiri kwamba nilizima kengele ya tangi la juu. Sikuizima. Aliizima Mzee Kasanda, mshauri wa mkandarasi, mbele ya macho yangu, kwenye skrini niliyoiacha wazi. Aliniambia nisiandike kwenye daftari nami sikuandika. Makosa hayo mawili ni yangu na nitayasaini leo mkiniletea karatasi yake.*

*Mzee Kasanda hana kidole kwenye mlango wala kadi. Meneja analijua hilo, kwa sababu ndiye aliyesema mbele yetu tumfungulie. Naambatisha orodha za mlango na nakala ya kitabu cha getini. Naomba radhi kwa mafuta yaliyomo. Mtaona kwamba aliyemfungulia mara nyingi zaidi ni Meneja.*

*Nimesikia kwa masikio yangu Meneja akisema mwenye mtoto mchanga hagombani. Naomba aulizwe kama alisema.*

*Naomba barua ile ifutwe. Kama bodi itaona ni lazima mtu aandikwe kwa kuushikilia mlango, basi tuandikwe wote tulioushikilia, kwa kufuata wingi wa mara, Meneja akiwa wa kwanza. Kazini nitakuwepo kesho saa moja asubuhi kama kawaida, na atakayekuwa nyuma yangu mlangoni nitamsalimu tukiwa nje.*

*Skolastika Kabula,*
*Opereta, zamu ya mchana.*